Kutoka Boston 1988 hadi Tokyo 2025: Mwana wa Singida alivyokata kiu ya miaka mingi

Hatua chache kabla ya mstari wa kumalizia, Mjerumani Amanal Petros alikuwa bado mbele. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, 15 Septemba 2025, katika Uwanja wa Taifa jijini Tokyo, na wanaume hao walikuwa wamekimbia zaidi ya kilomita 42 katika joto na unyevu uliowaangusha wengi njiani. Nyuma yake alikuja Alphonce Felix Simbu, mwanajeshi wa JWTZ mwenye umri wa miaka 33, mzaliwa wa mkoa wa Singida. Walivuka mstari wakiwa wamejirusha mbele kwa pamoja, na Petros akaanguka chini kwa nguvu ya kujirusha huko.

Saa iliandika 2:09:48 kwa wote wawili. Ilibidi kamera ya mstarini iamue, nayo ikaamua kwa tofauti ya sekunde 0.03. Usiku uliotangulia, katika uwanja huohuo, Mjamaika Oblique Seville alikuwa ameshinda fainali ya mita 100 akimwacha Kishane Thompson kwa sekunde 0.05. Yaani marathoni ya mwaka huo iliamuliwa kwa pengo dogo kuliko la mbio fupi zinazokwisha ndani ya sekunde kumi. Simbu mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuwa na uhakika kama ameshinda hadi alipoona jina lake likiwa juu kwenye skrini kubwa ya uwanja.

Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, yaliyoanza mwaka 1983. Jioni ya siku hiyohiyo, Singida Black Stars walitwaa Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam kwa kuwafunga Al Hilal ya Sudan. Kwa mkoa ambao abiria wengi wa mabasi ya Mwanza wanaufahamu kwa dirishani tu, kwa madumu ya mafuta ya alizeti, magunia ya vitunguu na kuku wa kienyeji wanaouzwa kando ya barabara, ilikuwa siku isiyo na mfano.

Tangu siku hiyo maelezo ya ushindi wa Simbu yamekuwa mengi, na yaliyo maarufu kuliko yote yanasema kwamba shida ndiyo iliyomlea. Singida ni kukavu, wanasema, mtoto anatembea mwendo mrefu kwenda shule, anachunga, anachota maji mbali, na kwa hiyo miguu inakomaa. Maelezo hayo yananisumbua, na nina sababu. Watoto waliotembea mwendo mrefu kwenda shule katika nchi hii ni mamilioni. Bingwa wa dunia wa marathoni amepatikana mmoja. Kama shida ingekuwa ndiyo inayozaa mabingwa, tungekuwa na dhahabu nyingi tangu uhuru.

Mikoa ya kati inaijua shida kwa karibu. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja, na ikikosekana hakuna ya pili ya kufidia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo katika nchi ya Wagogo, ambayo upande wake wa magharibi leo ni sehemu ya mkoa wa Singida, huko Manyoni. Mvua ilipokataa kunyesha, watu hawakuwa na akiba. Njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 iliitwa Mtunya, na maofisa wa kikoloni walikadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Hakuna bingwa aliyezaliwa na Mtunya. Ilizaa makaburi.

Kilichowasaidia watu wa eneo hili kila walipobanwa ni kutumia walichokuwa nacho kwa wakati unaofaa. Wazee wa Unyaturu wanasimulia habari za Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 akitumia nyuki kama silaha. Uwanja mkuu wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa una jina lake. Alizeti nayo, zao linalovumilia mvua haba, imeigeuza sifa ya mkoa. Mtu akisema mafuta ya Singida leo hahitaji kueleza zaidi. Ukame ulikuwepo kabla ya alizeti na bado upo. Lililobadilika ni kwamba kulipatikana mbegu, mashine za kukamulia na soko.

Riadha yetu ina simulizi ya namna hiyohiyo, na kwa sehemu kubwa simulizi hiyo imepitia Marekani.

Watanzania wengi wanamkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 na kuingia uwanjani amefungwa bandeji, giza limeshaingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma aende kuanza mbio, ilimtuma azimalize. Jibu hilo limezunguka dunia nzima. Miaka sita baadaye, tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola na kukimbia mita 1,500 kwa 3:32.2. Rekodi ya dunia aliyoivunja ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun. Mwaka 1975 akamvunjia Ryun na rekodi ya maili pia. Kijana wa Karatu akawa mtu wa kutazamwa katika Olimpiki ya Montreal.

Hakukimbia Montreal. Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo ya 1976 kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand ikaachwa iendelee kushiriki. Naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ningeutetea leo. Lakini ulikuwa na gharama, na aliyeilipa ni kijana mmoja aliyekuwa katika ubora wa maisha yake yote.

Miaka minne baadaye upepo uligeuka. Umoja wa Kisovyeti uliingiza majeshi Afghanistan mwishoni mwa 1979, na Rais Jimmy Carter wa Marekani akazitaka nchi nyingine zisusie Olimpiki ya Moscow. Februari 1980 alimtuma Muhammad Ali azunguke Afrika kuomba uungwaji mkono, na kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Hapo waandishi wa habari walimuuliza Ali kwa nini Waafrika waisikilize Marekani ilhali wao waliposusia mwaka 1976 Marekani ilikwenda Montreal bila wasiwasi. Ali hakuwa na jibu. Alikiri kwamba jambo hilo hakulijua. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Kama Carter alikuwa na neno la kidola la kusema na Tanzania, kumtuma bondia halikuwa jambo la heshima.

Tanzania ikaenda Moscow. Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Kama Mwalimu angelegea kidogo mbele ya umaarufu wa Ali, tungekuwa hatuna hata moja.

Nyambui wakati huo alikuwa mwanafunzi Marekani, katika Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Chuo hicho kilikuwa kikiwachukua wakimbiaji wa Afrika Mashariki kwa ufadhili wa masomo, na Nyambui akakiletea mataji mengi ya vyuo vikuu. Gidamis Shahanga, aliyekuwa ameshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, naye alipitia El Paso. Huko walipata chakula, madaktari, viwanja, makocha, na zaidi ya yote mashindano makali kila wiki. Nyumbani, nchi ilikuwa imetoka katika Vita vya Kagera, maduka hayana sabuni wala sukari. Kipaji cha Nyambui kilitoka Majita, lakini kilikomazwa na bajeti ya watu wengine.

Kisha kuna Juma Ikangaa, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu bila Ikangaa ushindi wa Simbu hauonekani kwa ukubwa wake.

Ikangaa ni mtu wa Dodoma, jirani kabisa na Singida. Zamani mikoa yote miwili ilikuwa katika Jimbo la Kati. Naye alikuwa mwanajeshi. Alikimbia kwa ujasiri, akipenda kuongoza badala ya kujificha nyuma ya wenzake. Mwaka 1982 mjini Brisbane, katika Jumuiya ya Madola, alipambana na Robert de Castella wa Australia hadi mwisho na kuachwa kwa sekunde 12. Tarehe 18 Aprili 1988 aliingia katika mtaa wa Boylston, mwisho wa Boston Marathon, akiwa bega kwa bega na Mkenya Ibrahim Hussein. Hussein alimaliza kwa 2:08:43 na kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za wanaume za Boston. Ikangaa alimaliza kwa 2:08:44.

Mwaka 1989 akarudi Boston, akawa wa pili. Mwaka 1990 akarudi tena, akawa wa pili. Novemba 1989, katikati ya majaribio hayo, alishinda New York kwa 2:08:01, rekodi ya njia ile iliyodumu hadi 2001, na hilo ni jambo kubwa lisilosemwa vya kutosha hapa nyumbani. Lakini Boston ilimkataa kwa sekunde moja, na sekunde ile ikakaa katika riadha yetu kwa miaka mingi.

Ukiitazama kwa makini, nyuma ya sekunde ile kulikuwa na shule. Hussein alisoma St Patrick's ya Iten, katika nyanda za juu za Bonde la Ufa nchini Kenya, shule ambayo tangu 1976 ilikuwa na mwalimu kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, aliyegeuka kocha wa mabingwa wengi. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha New Mexico. Kenya ilikuwa na ngazi: shule, chuo, klabu, mashindano. Sisi tulikuwa na watu mmoja mmoja wenye moyo mkubwa, na jeshi.

Nilisema kwamba simulizi hii imepitia Marekani. Boston yenyewe ni barabara iliyobeba majeraha ya Wamarekani. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia, yakaua watu watatu na kujeruhi mamia. Mwaka uliofuata wengi walijiuliza kama mbio zitakuwa na watazamaji. Watazamaji walijaa, na aliyeshinda alikuwa Meb Keflezighi, Mmarekani wa kwanza kushinda upande wa wanaume tangu 1983. Meb alizaliwa Eritrea wakati wa vita. Familia yake ilikimbilia Italia, kisha San Diego mwaka 1987 akiwa mtoto. Katika namba yake ya kifuani aliandika kwa kalamu majina ya waliokufa. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka 39, na makampuni mengi yalikuwa yameshamhesabu kuwa amekwisha.

Petros, aliyeshindwa na Simbu kwa sekunde 0.03, naye ni mzaliwa wa Eritrea aliyeingia Ujerumani akiwa kijana mkimbizi. Mtu aweza kusema kwamba hapa tena shida imezaa bingwa. Mimi naona kwamba kuna wakimbizi wengi sana wa Eritrea waliokufa jangwani na baharini, na kuna wachache waliofika mahali ambapo shule ilikuwa na uwanja na mwalimu aliwatazama wakikimbia.

Watanzania waliendelea kugonga mlango wa Boston. Mwaka 2023 Gabriel Geay wa Manyara alimaliza wa pili nyuma ya Evans Chebet. Tarehe 21 Aprili 2025 ikawa zamu ya Simbu. John Korir wa Kenya alianguka mwanzoni mwa mbio, akaamka na bado akashinda kwa 2:04:45. Simbu alikuwa wa pili kwa 2:05:04, muda uleule ulioandikwa kwa Mkenya Cybrian Kotut aliyekuwa wa tatu. Kwa Ikangaa, Geay na Simbu pekee, hiyo ni mara ya tano Mtanzania kumaliza wa pili Boston. Wengi tulisoma habari hiyo na kusema, ndiyo ileile. Kumbe katika mita za mwisho za Boylston Simbu alikuwa ameshaonyesha atakachofanya Tokyo miezi mitano baadaye: kumpita mtu mwenye kasi pale mwishoni kabisa, miguu ikiwa haina kitu tena.

Njia yake kufika hapo haikuwa ya kupaa tu. Olimpiki ya Rio 2016 alikuwa wa tano. Januari 2017 alishinda Mumbai, na Agosti mwaka huohuo akapata shaba ya dunia jijini London, nyuma ya Geoffrey Kirui na Tamirat Tola. Kampuni ya MultiChoice Tanzania ilikuwa imejitokeza kudhamini maandalizi yake kipindi hicho. Kisha ikaja miaka ambayo jina lake halikusikika sana. Katika Olimpiki iliyofanyika 2021, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo, alikuwa wa saba. Birmingham 2022, katika Jumuiya ya Madola, alipata fedha. Paris 2024 alimaliza wa 17.

Nafasi ya 17 ndiyo inayonivuta kuliko dhahabu. Mwanariadha wa miaka 32 aliyetoka wa 17 Olimpiki, katika nchi ambayo akili yote ya michezo ipo kwa Simba na Yanga, ana kila sababu ya kurudi nyumbani kulima alizeti. Simbu alikuwa na ajira ya jeshi, kwa hiyo mshahara haukukatika. Alikuwa na kambi Arusha, kwenye mwinuko na baridi inayofaa mbio ndefu. Alikuwa na watu wa kukimbia nao. Ondoa kimojawapo kati ya hivyo na Septemba ya 2025 isingekuwepo. Moyo wa kuendelea ni wake na hakuna anayeweza kumnyang'anya sifa hiyo, lakini moyo huo ulikuwa na mahali pa kulala na chakula cha asubuhi.

Ndiyo maana nina neno kwa wakubwa wa Singida, mkoa na halmashauri zake, kutoka Iramba na Mkalama hadi Itigi. Singida si Iten. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na Iten iko karibu mita 2,400. Kambi kubwa ya wakimbiaji wa marathoni itaendelea kuwa Arusha au Mbulu, na hakuna aibu katika hilo. Kazi ya Singida ni ile ya mwanzo: kumwona mtoto. Mtoto huyo anaonekana shuleni au haonekani kabisa. Tuliwahi kusimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hatutajua kamwe ni akina nani walimaliza shule katika miaka ile bila mtu yeyote kuwapima kwa saa. Michezo hiyo imerudi, lakini shule nyingi bado zinakwenda wilayani na wanafunzi waliochaguliwa wiki mbili kabla, wakikimbia peku kwenye vumbi, kisha mwaka mzima unapita hakuna mashindano mengine.

Mwalimu mmoja wa michezo kwa kila kata, mwenye saa ya kupimia na daftari la kuandika muda wa kila mtoto, asingeigharimu halmashauri pesa za kutisha. Mbio za nyika za shule kila mwezi, baada ya mavuno, zingegharimu pungufu zaidi. Na wasichana wahesabiwe tangu mwanzo. Boston haikuwaruhusu wanawake rasmi hadi 1972. Miaka mitano kabla ya hapo Kathrine Switzer alikimbia na namba, na msimamizi mmoja akajaribu kumtoa barabarani kwa nguvu. Leo Magdalena Shauri wetu ameshasimama jukwaani Berlin kama mtu wa tatu. Katika vijiji vya Singida bado kuna wazazi wanaomzuia binti kuvaa bukta, na walimu wanaolikubali hilo kimyakimya.

Olimpiki ijayo ni ya Los Angeles, mwaka 2028. Mara ya mwisho michezo hiyo ilipofanyika katika jiji hilo, mwaka 1984, Juma Ikangaa alimaliza marathoni akiwa wa sita. Simbu atakuwa na miaka 36, umri uleule wa Eliud Kipchoge aliposhinda Sapporo. Aliyeshinda Los Angeles siku ile Ikangaa alipokuwa wa sita alikuwa Mreno Carlos Lopes, mwenye miaka 37. Umri bado unamruhusu Simbu. Kinachotakiwa ni gharama za kambi, daktari, mashindano ya maandalizi na vijana wanne au watano wa kukimbia naye, na bajeti ya hayo hupangwa Dodoma miaka miwili kabla, si miezi miwili.